Nafasi Mbili

Saa nane usiku, Uyole, mwezi wa saba.
Baridi imetangulia kitandani.
Nimevaa soksi mbili mbili,
jiko la mkaa nimelitoa nje, lisije likaniua
kabla sijamaliza faili hili.

Faili lenyewe fupi, mistari thelathini na mmoja.
Halina hesabu, halina ujanja.
Linasema tu: chukua programu hii kama ilivyofungashwa,
ifungulie mlango namba elfu nane na themanini,
ipe kumbukumbu kiasi hiki, isizidi,
na ikianguka, iinuke.

Mstari huo wa mwisho ndio niupendao.
Mimi hakuna aliyewahi kuniandikia hivyo.

Mama aliuliza ni kazi gani hii ya kuiandikia kompyuta barua.
Nikamwambia, napandisha kontena.
Akawaza yale yapitayo barabarani kwenda Tunduma,
mekundu, ya bluu, yamekaa juu ya malori kama wakwe.
"Limebeba nini?"
Viazi, nikasema.
Sikudanganya.

Ndani mna daftari la ushirika wa Isongole,
majina mia nne na kumi na saba, na uzito wa kila gunia,
ili mnunuzi akija na lumbesa yake,
gunia lililovishwa kilemba cha kamba,
mizani iseme, na simu ya mkulima iseme vilevile.
Bi Subilaga, mwenyekiti, alinipa sharti moja:
iwe hewani Jumatatu, kabla lori la Dar halijajaa.

Ndiyo hii Jumatatu.

Naamuru. Inakataa.
Mstari wa kumi na tisa, inasema, siuelewi.
Nausoma kama mtu anayesoma majibu ya hospitali.
Herufi zote zipo. Nukta pacha ipo.
Naamuru tena, kwa kubonyeza kwa nguvu,
kana kwamba ukali unasaidia.
Inajibu maneno yaleyale, bila hasira,
na hilo ndilo linaloniudhi.

Darasa la nne, mama alinirudisha tuta zima
kwa ajili ya mbegu moja.
Nikasema, lakini si ipo?
Akasema, ipo, ila haipo na wenzake.

Narudi juu kidogo. Mstari wa kumi na nane.
Nafasi tatu pembeni, palipotakiwa mbili.
Upana wa punje ya ulezi,
na mlango mzima ulikuwa umehesabiwa kuwa wa nyumba nyingine.

Nafuta. Naamuru. Inapanda!
Nanyanyuka, nagonga goti kwenye meza,
na nikiwa bado nalisugua, inaanguka.
Inainuka. Inaanguka.
Mara kumi na moja nimehesabu,
ikitii ule mstari wangu niupendao
hadi nikatamani kuufuta.
Kumbe kuinuka na mzigo uleule
ni kuanguka kwa awamu.

Tatizo ni kumbukumbu.
Niliipa gunia dogo, kisha nikaishindilia
majina yote mia nne na kumi na saba kwa mkupuo,
nikafunga kamba juu.
Lumbesa. Ya kwangu mwenyewe.
Nilicheka peke yangu, mvuke ukanitoka mdomoni.

Nikayagawa majina hamsini hamsini.
Sikuongeza kitu kingine. Nilisubiri.
Dakika moja. Tano. Mwadhini wa mtaa wa pili akaanza,
jogoo wa kwa Mwakibete wakamfuata wakiwa wamechelewa,
na kwenye kioo neno lilikuwa lilelile: inaendelea,
inaendelea.

Saa kumi na mbili kasoro simu ikaita.
Nyuma ya sauti yake lori linanguruma, watu wanapokezana magunia.
"Ndaga, mwanangu. Nimeifungua. Nimempima huyu wa kwanza."
Ngapi?
"Mia moja thelathini na mbili."
Akanyamaza. Nikadhani mtandao.
Kisha, mbali kidogo na simu, si kwangu:
"Shusha."